Sauti Mbili Kwenye Namba Moja

Wewe unayevuka mpaka kuja kwenye mikutano yetu unaijua hali hii. Uko ndani ya basi, dereva ameweka kituo cha nyimbo, mnapanda kilima. Mkishuka upande wa pili, wimbo umekatika na mahali pake kuna mtu anatangaza bei ya mabati kwa lugha nyingine. Hakuna aliyegusa redio! Hebu nikusimulie jinsi jambo hilohilo lilivyowagombanisha watu kule Marekani kwa miaka mingi, na si wachache kati yao walikuwa watu wa makanisa.

Redio ya FM, ambayo Edwin Armstrong alipewa hataza zake mwaka 1933, ina tabia yake. Kwenye AM vituo viwili vikigongana unavisikia vyote, kelele juu ya kelele. FM hushika wimbi lenye nguvu zaidi na kulinyamazisha lile dhaifu. Sasa angalia: anayeshinda si lazima awe mwenye mnara mkubwa, maana aliye karibu nawe anaweza kumpita. Kituo cha wati 100,000 kilicho mbali kinaweza kumezwa mtaani kwako na mtambo wa wati 250 uliofungwa juu ya ghorofa la jirani.

Mtambo huo mdogo Wamarekani wanauita transileta. Hauna studio wala mtangazaji. Unapokea matangazo ya kituo kingine na kuyarusha upya kwenye namba tofauti. Tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, ilianza kuiruhusu mwaka 1970, kwa ajili ya watu wa mabondeni na nyuma ya milima ambako mawimbi hayafiki. Iliwekewa sharti la mgeni: usimsumbue mwenyeji mwenye kituo cha nguvu kamili, na yeye akikusumbua, vumilia.

Baadaye transileta zilizo chini ya 92 kwenye FM, sehemu iliyotengewa vituo visivyo vya biashara, ziliruhusiwa kupokea matangazo kwa setilaiti. Hapo mambo yakabadilika kabisa. Kituo kimoja cha Kikristo, KAWZ cha Twin Falls, Idaho, kikaweza kusikika kupitia mamia ya transileta, nyingine mbali sana na Idaho.

Mwezi Machi 2003 FCC ilifungua dirisha la siku chache tu la kuomba transileta mpya. Yakaja maombi zaidi ya 13,000. Mashirika mawili ya Kikristo yenye uhusiano peke yake yaliandika zaidi ya 4,000. Wakati huo, tangu Januari 2000, ulikuwapo mpango mwingine wa vituo vidogo vya wati 100 kwa ajili ya vikundi vya mtaani: shule, vyama, makanisa. Nao ulitafuta namba zilezile. Kwa hiyo kanisa dogo lililotaka kuwahubiria majirani zake lingeweza kukuta nafasi imeshikwa na ombi la ndugu wa mbali ambaye hata mtaa wenyewe haujui. Mimi naona hilo ndilo lililouma kuliko kelele zenyewe. Mwaka 2005 FCC ilisimamisha kazi ya kuyapitia maombi yaliyobaki, na sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Januari 2011 ikaitaka ihakikishe vituo vidogo na transileta wote wanapata nafasi.

Lakini ugomvi wa kusikika haukuisha. Kanuni za zamani zilimpa nguvu msikilizaji mmoja tu. Akilalamika kwamba transileta imemzibia kituo anachokisikiliza kila siku, mwenye transileta alipaswa kumaliza tatizo lake au kuzima, hata kama msikilizaji huyo yuko mbali kabisa na kituo anachokililia. Unaweza kufikiri hali ilivyokuwa: fundi anabisha hodi kwa mtu, anaomba kuikagua redio yake. Wenye transileta walidai kwamba baadhi ya walalamikaji walitafutwa na vituo vikubwa.

Mwaka 2019 FCC ilibadilisha utaratibu. Sasa wanahitajika wasikilizaji wasiopungua 6, na kwenye miji mikubwa hadi 25, kulingana na idadi ya watu. Kila mmoja atie saini, aonyeshe mahali anaposikiliza, aseme kwamba anakisikiliza kituo hicho angalau mara mbili kwa mwezi, na kwamba hana undugu, ajira wala pesa inayomfunga nacho. Ukawekwa pia mpaka wa nguvu ya mawimbi, ambao nje yake malalamiko kwa kawaida hayapokelewi. Na transileta iliyobanwa ikaruhusiwa kuhamia namba yoyote iliyo wazi katika sehemu yake ya FM, badala ya chache tu za jirani kama zamani. Kwa wengi, kuhama namba ni nafuu kuliko kuendelea kubishana na mwenyeji.