Tone la Damu la Buha

Historia ya tiba katika nyanda za juu za Kigoma husimuliwa zaidi kwa kuhesabu hospitali na dawa. Inafaa pia isimuliwe kwa upande wa kupima: nani aliitazama damu ya Waha, wenyeji wa nyanda hizo ziitwazo Buha, kwa chombo gani, na akitafuta nini. Ukiifuata hivyo, tangu malale ya enzi za ukoloni hadi kipimo cha haraka cha malaria kinachotumika sasa katika zahanati za Kibondo na Kasulu, unafika kwenye hoja isiyowapendeza wapangaji wa bajeti: kipimo hicho ni kizuri mno, lakini katika nchi yenye mbung'o hakipaswi kuachiwa kazi ya hadubini.

Mwaka 1903 David Bruce na wenzake, wakiwa Uganda, walionyesha kwamba mbung'o ndiye anayeeneza vimelea vya malale. Miaka michache baadaye Wajerumani walifungua kambi za wagonjwa kandokando ya Ziwa Tanganyika, ambako madaktari walipapasa shingo za watu wakitafuta tezi zilizovimba, wakazichoma sindano na kuyatazama majimaji yake kwa hadubini. Aina iliyoitesa Buha wakati wa Waingereza, iitwayo rhodesiense, ilitambuliwa mwaka 1910. Ni kali zaidi, huua ndani ya miezi, na vimelea vyake huishi pia katika ng'ombe na wanyama wa porini. Wapimaji walikuwa wachache na wenyeji walikaa mbalimbali, kila ukoo na kilima chake, kwa hiyo miaka ya 1930 serikali iliamua kuwahamisha. Familia zilikusanywa kwenye makazi yaliyofyekwa miti, na eneo la Kibondo likawa mojawapo ya sehemu zilizobeba mzigo huo. Watetezi wa mpango ule husema uliokoa maisha, na ni kweli kwamba mbung'o hupungua vichaka vikifyekwa. Lakini mashamba yaliyoachwa yaligeuka pori, na watu waliokusanywa pamoja walikuwa pia rahisi kuhesabiwa na kutozwa kodi. Aliyekuwa mzima na aliyekuwa mgonjwa walifunga mizigo pamoja, kwa sababu hapakuwa na njia ya kuwatenganisha kijijini kwao.

Njia ya namna hiyo, kwa upande wa malaria, ilitoka mbali. Mwaka 1857 Michael Faraday alieleza mbele ya wanasayansi wa London kwamba dhahabu ikigawanywa kuwa chembe ndogo mno ndani ya maji haing'ai tena kwa rangi ya manjano, bali huyapa maji wekundu kama wa zabibu. Wekundu huo ndio unaoonekana leo kwenye kipimo cha haraka. Tone la damu kutoka kidoleni huwekwa kwenye kitundu, matone ya dawa yanafuata, kisha damu inapanda taratibu kwenye utepe mweupe ikizikokota chembe za dhahabu zenye upana wa makumi machache ya nanomita, zilizovikwa kingamwili. Protini ya kimelea cha malaria ikiwepo, chembe hizo hunaswa kwenye mstari na kurundikana mpaka jicho lizione. Ndani ya dakika 20 hivi jibu limepatikana bila umeme.

Faida yake haina ubishi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kutoka hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania ulionyesha kuwa chini ya nusu ya waliolazwa na kutibiwa malaria kali ndio waliokuwa na vimelea kwenye damu. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likashauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Bila utepe huo, ushauri ule ungebaki kwenye makaratasi katika vijiji vya Kasulu.

Ila utepe hujibu swali moja tu. Slaidi ya damu, ile ambayo wagonjwa huiita BS, hujibu hata lisiloulizwa: mtaalamu anayetafuta malaria anaweza kuona kimelea cha malale kimejikunja kama uzi kati ya chembe nyekundu, na katika damu mbichi akakiona kikijipinda na kuzisukuma. Malale huanza kwa homa, kichwa na maumivu ya viungo, dalili zilezile za malaria. Kuna watakaosema slaidi husomwa vibaya pale mtaalamu amechoka au lenzi imechakaa. Ni kweli, na dawa yake ni mafunzo na lenzi mpya. Wengine watasema malale yamekuwa adimu. Lakini idadi ya wagonjwa kwenye daftari hutegemea wapo wangapi wanaotazama, na warina asali, wawindaji na wakata kuni bado wanaingia katika mapori ya Moyowosi na Makere.

Kuchelewa kuna gharama yake. Kwa miongo mingi, malale yakishafika kwenye ubongo, tiba ilikuwa melarsoprol, dawa yenye aseniki ambayo yenyewe iliua takriban mgonjwa 1 kati ya 20. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliingiza fexinidazole, vidonge vya kumeza, katika mwongozo wa kutibu rhodesiense. Kwa hiyo kanuni inayohitajika Kibondo na Kasulu ni fupi: mwenye homa ambaye kipimo chake cha haraka hakina mstari wa malaria, au ambaye homa haijaisha baada ya dawa, na aliyewahi kuingia porini, apelekwe kwenye hadubini wiki hiyohiyo.