Lugha za Nyumbani Tabora

Kiongozi wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: minzi, mayu, kaya.

Haya, ni lugha gani hiyo? Waliozaliwa Unyanyembe wamekwisha kucheka. Ni Kinyamwezi. Minzi ni maji, mayu ni mama, na kaya ni mji wa mtu, yaani nyumba zake na watu wake. Tazameni herufi zake: ni zile zile mnazojifunza kwa Kiswahili.

Somo letu la leo ni historia. Tunataka kujua watu wa Tabora walisema lugha gani ndani ya nyumba zao, na Kiswahili kiliingiaje humo. Wengi hudhani kililetwa na serikali. Sivyo. Serikali ilikikuta njiani.

Zamani, kabla Waarabu hawajajenga Tabora, Wanyamwezi wenyewe walikwenda pwani kwa miguu, wamebeba pembe za ndovu. Haikuwa safari ndogo. Wazungu wawili, Burton na Speke, walitoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kaze, ndiyo Tabora, mwezi wa Novemba. Walitembea zaidi ya siku 130. Basi mpagazi aliyekwenda na kurudi aliweza kukosa mavuno mazima ya nyumbani kwake. Huko Bagamoyo alinunua nguo na shanga, akauza, akagombana, akapatana. Alifanya hayo kwa Kiswahili. Akirudi kwake aliweka mzigo chini, akasalimiwa "mwangaluka", akaitikia kwa Kinyamwezi. Kiswahili kilikuwa lugha ya njia, na Kinyamwezi lugha ya kaya.

Je, mpaka huo ulivunjikaje? Ulivunjwa na ndoa, na pia na utumwa.

Habari ya ndoa tunayo mfano mzuri. Mfanyabiashara Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, alikaa Tabora akamwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Fikirini nyumba ya namna hiyo: bwana ni mtu wa pwani, bibi ni binti wa mtemi, na wageni wanaingia kila siku kutoka Ujiji na Unguja. Hakuna aliyetoa amri. Lugha ya kuwaunganisha wote ilikuwa Kiswahili, ijapokuwa mama na ndugu zake walikuwa na lugha yao wenyewe.

Habari ya utumwa ni chungu, lakini lazima tuiseme. Misafara ilileta watu waliotekwa mbali, wengine toka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Waliwekwa katika nyumba za Tabora pamoja na watumwa wa makabila mengine. Mtu alikuwa hana wa kusema naye lugha ya mama yake. Alijifunza ile ya nyumba aliyowekwa, na mtoto wake akazaliwa humo. Kwa hiyo tunaposikia kwamba mji wa Tabora ulisema Kiswahili mapema, tukumbuke kwamba wako waliokipata kwa kupoteza lugha nyingine. Hakuna aliyeandika wangapi.

Mambo yaliyofuata nitayapitia upesi. Wajerumani walimshinda Mtemi Isike mwaka 1893, wakatawala kwa Kiswahili. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na kuleta watu wa kila kabila. Waingereza nao walikitumia Kiswahili. TANU ilipofanya mkutano wake mkuu Tabora mwezi wa Januari 1958, Mwalimu Nyerere, ambaye lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kizanaki, hakuhitaji mkalimani. Alikuwa mwenyeji pia, maana alisoma shule mjini hapa.

Hata leo alama za lugha mbili zimo katika majina ya mahali. Ng'ambo na Chemchem ni Kiswahili kitupu. Isevya na Kwihara si Kiswahili. Na jina la Tabora lenyewe? Wazee husimulia kwamba limetoka katika matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani. Vile vinavyoanikwa vibichi ni michembe. Chakula hiki hakiozi upesi na ni chepesi kubeba, kwa hiyo kilimfaa sana mpagazi. Mimi napenda kuwaonyesha wanafunzi jambo hili: hata katika nyumba ambamo watoto hawasemi Kinyamwezi hata kidogo, matobolwa bado ni matobolwa. Jiko husahau polepole kuliko sebule.

Kutoka mjini ukaenda vijijini mambo hubadilika, na Kinyamwezi husikika shambani na kwenye moto wa jioni. Lakini ukitaka kujua kwa hesabu, utapata shida. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 iliuliza kabila. Zilizofuata ziliacha kuliuliza. Tena, kabila si lugha. Mtu aweza kuwa Mnyamwezi na nyumbani kwake kusisikike neno moja la Kinyamwezi. Bibi anasimulia, mjukuu anamtazama tu, kisha anamwuliza mama yake, "Bibi anasema nini?" Mama akiwapo, atafasiri.

Basi, kazi ya nyumbani ni hii. Chukueni daftari. Mwulizeni mzee mmoja wa nyumbani majina kumi ya vitu vya jikoni katika lugha aliyofundishwa na mama yake, iwe Kinyamwezi, Kisukuma, Kiha au nyingine. Andikeni kila jina kama mnavyolisikia, na kando yake Kiswahili chake. Sauti isiyo na herufi katika Kiswahili, itieni alama ya mstari chini, tutaishughulikia pamoja. Asiye na mzee nyumbani na aende kwa jirani. Kiongozi wa darasa atayakusanya madaftari kabla ya somo lijalo.

Kwaherini.