Waliotuuliza Shituru, na Karatasi Zilikokwenda

Watu wa Shituru tumeulizwa maswali mengi kuliko tuliyowahi kuuliza. Kiwanda cha kampuni ya migodi ya Union Minière cha kusafisha shaba kwa umeme kilianza kazi hapa mwaka 1929, mji wetu wa Likasi, Katanga, ukiwa bado haujabandikwa jina la Jadotville. Kila mwanamume aliyepita getini alipewa namba, matrikule, na namba hiyo ikawa na faili yake ofisini. Marehemu baba yangu, aliyetumikia matangi ya elektrolisisi, aliikumbuka matrikule yake hata alipoanza kuchanganya majina ya wajukuu. Faili yenyewe hakuwahi kuiona.

Mimi nina duka la kuchapa na kutoa fotokopi hapa Likasi. Wateja wangu wakubwa ni wanafunzi wanaomaliza chuo, nami nimechapa sura za mbinu za utafiti hadi naweza kuzikariri. Karibu zote humtaja Madeleine Grawitz na mwenzake Roger Pinto, ambao kitabu chao cha mbinu za sayansi za jamii kilitoka Paris mwaka 1964. Nikimwuliza mwanafunzi kama amekiona kitabu hicho, hucheka. Ameinakili nukuu kutoka tasnifu ya kaka yake, na kaka yake aliitoa kwa mwingine. Hivyo Grawitz amesafiri Katanga nzima bila jalada. Kwa kuchapa maneno hayo nikaanza kutafuta namna utafiti wenyewe ulivyofanywa juu yetu, na nani aliruhusiwa kuiona.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliacha kutegemea vibarua wa miezi michache, ikaanza kuwaweka wafanyakazi kambini na wake zao na watoto wao. Sera hiyo ilihitaji kujua mambo ya ndani: nani ameoa, nani mgonjwa, mtoto ana uzito gani, posho inatosha au haitoshi. Watoto walipelekwa kliniki ya kampuni kupimwa, na vipimo vikaandikwa. Mtu aliyehusishwa kuliko wengine na kazi hiyo ni Dakta Léopold Mottoulle. Mwaka 1946 Taasisi ya Kifalme ya Kikoloni huko Brussels ilichapisha maandishi yake juu ya sera ya kijamii ya Union Minière. Humo mfanyakazi Mwafrika huonekana kama mtoto, na mwajiri kama mlezi wake. Ilikuwa miaka mitano tu baada ya mgomo wa Desemba 1941, uliowasimamisha wafanyakazi wa mji wetu na wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, na ambao askari waliuzima kwa risasi.

Mwaka huohuo wa 1946 kikaanzishwa Elisabethville kituo cha kuchunguza matatizo ya kijamii ya wenyeji, CEPSI, chenye jarida lake. Kiliandika kwa Kifaransa, na wasomaji wake walikuwa maofisa, mapadre na watu wa kampuni. Hakuna aliyemficha baba yangu jarida hilo kwa makusudi, maana hakuna aliyemfikiria kuwa msomaji wake. Yeye alilieleza jambo lote kwa Kiswahili chetu cha kambini: “Banaandika, banaenda.”

Siku hizi maandishi ya Mottoulle yanapatikana bure mtandaoni, kwa kuwa akademi ya Ubelgiji iliyorithi taasisi ile imeyaweka wazi machapisho yake ya zamani. Nimewatolea wateja nakala. Mwenye shauku hupata humo sera, hesabu na fahari ya mwenye kambi. Asichopata ni mazungumzo: swali liliulizwaje, kwa lugha gani, na aliyejibu alisitasita wapi. Hapo ndipo nilipoona kwamba kuna milango miwili. Wa kwanza hufungua majibu na wa pili hufungua njia iliyoyaleta, na watu wengi wakishausukuma wa kwanza hudhani nyumba yote iko wazi.

Mlango wa pili, kwa upande wa Katanga, ulifunguliwa na Kiswahili chenyewe. Mwaka 1965 André Yav aliandika kijitabu kwa niaba ya wazee waliokuwa maboi wa Wazungu wa Elisabethville. Ni historia ya koloni ilivyoonekana kutoka jikoni na ua wa nyuma, imeandikwa kwa Kiswahili cha mjini, herufi zikifuata sikio la mwandishi kuliko kanuni za shule. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alipokishughulikia, yeye na wenzake hawakukinyoosha ili kipendeze. Kalundi Mango, mwenyeji wa lugha hiyo, alikisoma kwa sauti, naye akarekodiwa, na usomaji wake ukaandikwa upya. Kitabu kilichotoka Amsterdam mwaka 1990 kina maandishi ya asili, usomaji, tafsiri ya Kiingereza, na maelezo ya lugha ya Walter Schicho. Msomaji anaweza kwenda nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye karatasi ya Yav. Ila kilikuwa kitabu cha maktaba za Ulaya, na bei yake ilikuwa ya huko.

Fabian alifika Katanga katikati ya miaka ya 1960 kuchunguza Jamaa, mwendo wa Wakatoliki uliotokana na mafundisho ya padre Placide Tempels miongoni mwa wafanyakazi wa migodi. Akarudi kufundisha Lubumbashi kuanzia 1972 hadi 1974. Alirekodi mazungumzo mengi. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alimweleza, picha baada ya picha, historia ya Zaire kama alivyoichora. Mwaka 1974 mganga Kahenga Mukonkwa Michel alifanya kazi ya kuilinda nyumba ya Fabian dhidi ya wezi, kisha wawili hao wakakaa kuzungumza, mashine ya kurekodi ikizunguka.

Kanda hizo zingeweza kuozea kabatini, kama zilivyooza nyingi. Lakini kuelekea mwaka 2000 Fabian na Vincent de Rooij, wakiwa Chuo Kikuu cha Amsterdam, walianza kuyaweka mtandaoni maandishi ya mazungumzo hayo katika hifadhi waliyoiita ya Kiswahili cha watu, bila ada wala neno la siri. Kwa kila mazungumzo wameweka Kiswahili kilivyotamkwa, tafsiri, na maelezo. Huo ulikuwa wakati ambapo wasomi wengi walikuwa wanazungumzia machapisho huria. Tamko maarufu la Budapest lilitolewa Februari 2002. Matamko mengi yalihusu makala zilizokamilika. Hifadhi ya Amsterdam iliweka wazi kitu kibichi zaidi, yaani kazi kabla haijawa makala. Mwaka 2008 Fabian akatoa kitabu kizima akijenga hoja kwamba, maadamu mazungumzo na Kahenga yako mtandaoni na kila mtu anaweza kuyasoma, etnografia inaweza kuwa ufafanuzi wa andiko ambalo msomaji naye analo mkononi.

Niliposoma mazungumzo hayo nilimsikia Fabian akiuliza swali refu na Kahenga akimjibu kwa ufupi. Nilisikia mganga akirudia neno ambalo mgeni hakulishika mara ya kwanza. Tafsiri ya Kiingereza nilimwachia mwanangu. Mimi nilibaki upande wa Kiswahili, na kuna mahali nilitikisa kichwa, nikijisemea kuwa mtu wa hapa angeliuliza tofauti. Huo ndio uhuru ninaouzungumzia. Katika maandishi ya Mottoulle naweza kukasirika tu. Katika mazungumzo na Kahenga naweza kubisha. Anayepakuliwa bukari, ugali wetu, sahani imejaa hajafundishwa kuisonga.

Wasomi wa Lubumbashi nao hawakukaa kimya. Donatien Dibwe dia Mwembu alichapisha mwaka 2001 historia ya familia za wafanyakazi wa Katanga kutoka 1910 hadi 1997, na ndani yake mamlaka ya baba huinuka na kuporomoka pamoja na kampuni. Kwetu Shituru hilo halihitaji kuelezwa. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Kufikia 1994 haikufika hata 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitia saini kuondoka. Watafiti wakaja tena na maswali, safari hii juu ya kuanguka kwetu. Benjamin Rubbers wa Liège aliandika kitabu kuhusu wafanyakazi hao wa zamani mwaka 2013, na chuo chake kina hazina ya wazi ya machapisho tangu 2008. Mwaka 2021 Miles Larmer, wakati huo akiwa Oxford, akatoa historia ya miji ya shaba ya pande zote mbili za mpaka, yenye mazungumzo na watu wa Likasi, na yeyote anaweza kuipakua bure.

Bure, lakini kwa Kiingereza. Hali ni hiyohiyo upande wa mbinu. Jarida la Forum Qualitative Sozialforschung, lililoanzishwa Ujerumani na kutoka bila malipo tangu 2000, lina makala chungu nzima za namna ya kuhoji, kusikiliza na kuchambua, kwa Kijerumani, Kiingereza na Kihispania. Mwanafunzi wa Likasi aliyesoma kwa Kifaransa na anayewahoji mama zake kwa Kiswahili ameruhusiwa kuingia, lakini hakuna anayemsemesha. Nafuu yake kubwa imetoka Quebec: huko Chicoutimi, mwaka 1993, mwalimu wa sosholojia Jean-Marie Tremblay alianza kukusanya vitabu vya sayansi za jamii vya Kifaransa na kuvigawa bure. Wateja wangu huvibeba kwenye flashi, kimoja kikapita mikono mingi, kwa sababu kupakua kunakula mega na mega zina bei.

Kwa hiyo nawaambia wanafunzi jambo wasiloambiwa darasani. Katika sura ya mbinu, baada ya kumsalimu Grawitz, andika maswali yako kama ulivyoyauliza, kwa Kiswahili kilekile cha mitaa yetu ya Kikula au Panda, na uyaweke majibu mawili matatu mazima kwenye kiambatisho. Wengine huogopa kwamba mwalimu atayaita maneno ya sokoni. Nawajibu kwamba Yav aliandika hivyohivyo, na leo anasomwa vyuoni.

Na mgeni atakayekuja na mashine ya kurekodi nitamtoza fotokopi kwa bei ya kila mtu, ila atanijibu kwanza: maswali yako yatakaa wapi, na nani wa Shituru ataweza kuyasoma? Kuacha nakala ya kanda na maswali yake katika chuo cha hapa, kwa ridhaa ya walioongea, ni gharama ndogo kuliko tiketi yake ya ndege. Asipoweza hilo, basi hajatofautiana sana na wale waliompa baba yangu namba.