Mzee Yupo Hai, Nathibitisha

Jumamosi iliyopita nilifanya kazi ambayo sijawahi kuifanya tangu nianze uandishi. Nilisaini karatasi inayosema kwamba mtu fulani yupo hai. Basi. Siyo kwamba ni tajiri, wala kwamba ana tabia njema. Yupo hai tu.

Mtu mwenyewe ni mzee wa Kiingereza, jirani yetu kule Lushoto. Sitamtaja jina, nyumbani sote tunamwita Mwalimu. Alikuja Tanganyika akiwa kijana, mwanzoni mwa miaka ya 1960, akafundisha hesabu miaka miwili, akarudi kwao. Alipostaafu mwaka 2000 akafungasha vitabu vyake akarudi Usambara, akapanga nyumba ndogo yenye bustani ya mboga. Kiswahili chake ni cha enzi za Mwalimu Nyerere, mpaka leo ukimwambia "mambo vipi" anakutazama kama umemtukana. Kwa hiyo mimi huanza na shikamoo.

"Marahaba. Wewe si mwandishi wa habari?" akaniuliza, huku akinisogezea fomu. Kumbe serikali ya Uingereza kila baada ya muda huwatumia wastaafu wake walio nje fomu ya kuthibitisha kuwa bado wanapumua, ili isije ikawa inamlipa marehemu. Fomu inataka shahidi mwenye kazi inayoheshimika: daktari, mwalimu, mwanasheria... na mwandishi wa habari yumo! Mzee akacheka sana. "Kumbe kuna mahali mnaaminika."

Nikasaini. Ndipo nikaona karatasi nyingine chini yake: paundi 67.50. Nikadhani ni ya siku. Hapana, ni ya wiki. Na ni hiyohiyo tangu mwaka 2000. Robo karne, bila kuongezeka hata senti!

Nilivyo mbishi, nikaenda kutafuta. Mtu wa umri wake aliyechangia miaka ileile lakini akabaki Manchester au Leeds, pensheni yake ya msingi ilipanda kidogo kidogo kila mwaka mpaka kufika paundi 176.45 kwa wiki kuanzia Aprili 2025. Tofauti ni paundi 108.95 kwa wiki. Zidisha kwa wiki 52, unapata zaidi ya paundi 5,600 kwa mwaka. Sisi huku tumepigizana kelele miaka kadhaa kuhusu kikokotoo cha mafao, na tulikuwa na haki ya kupiga kelele. Lakini sikujua kwamba kuna kikokotoo kingine ambacho hakiulizi umefanya kazi miaka mingapi. Kinauliza unaishi wapi.

Ilikuwaje? Turudi nyuma kidogo, nitajitahidi nisikuchoshe.

Uingereza ilipitisha sheria ya pensheni ya uzeeni mwaka 1908, na malipo yakaanza tarehe 1 Januari 1909. Ilikuwa shilingi tano kwa wiki, kwa mtu maskini aliyefikisha miaka 70, na alitakiwa awe ameishi nchini miaka 20. Fedha zilichukuliwa posta. Tazama picha iliyokuwa vichwani mwa watunga sheria: bibi kizee anatembea na mkongojo hadi posta ya kijiji chake. Hakuna aliyewaza mzee anayepalilia spinachi Lushoto.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ukaja mfumo wa bima ya taifa, sheria ikapitishwa 1946 na kuanza kazi tarehe 5 Julai 1948. Sasa kila mfanyakazi anachangia na kila mchangiaji analipwa. Katikati ya miaka ya 1950 ikaruhusiwa pensheni kulipwa popote duniani, ila kwa sharti moja: ukiwa nje, unabaki na kiwango ulichoondoka nacho, au kile ulichoanza nacho ukifikia umri huko huko. Nyongeza zitakupita, labda nchi unayoishi iwe na mkataba na Uingereza unaosema vinginevyo.

Hapo ndipo vituko vilipoanzia. Marekani ina mkataba wa namna hiyo, Kanada haina nyongeza. Kwa hiyo pale kwenye maporomoko ya Niagara, mstaafu wa upande mmoja wa mto pensheni yake inapanda kila mwaka, na wa upande wa pili imeganda. Jamaika na Barbados wanapata, Trinidad hawapati. Mwaka 1948, mwaka uleule bima ya taifa ilipoanza, meli ya Empire Windrush ilitia nanga Tilbury ikiwa na watu wa Karibea waliokwenda kuijenga upya Uingereza. Chukua mfano wa wawili wa kizazi kile walioendesha mabasi London kwa miaka ileile na kukatwa michango ileile. Mmoja akarudi Kingston, mwenzake Port of Spain. Uzee wao haufanani.

Na Afrika? Bara zima, nchi inayopata nyongeza ni moja tu: Morisi. Kenya hapana, Uganda hapana, Tanzania hapana, Afrika Kusini hapana.

Huko Afrika Kusini ndiko alikotokea mama mmoja, Annette Carson, akaamua kwenda mahakamani. Naye alianza kulipwa mwaka 2000, kwa paundi 67.50 zilezile za jirani yangu. Kesi ikapanda mpaka Bunge la Malodi, ambako wakati huo ndiko ilikokuwa mahakama ya mwisho, akashindwa mwaka 2005. Akaenda na wenzake kumi na wawili Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg. Machi 2010 majaji 11 wakawakatalia, 6 wakawaunga mkono. Hoja ya wengi ilikuwa kwamba mchango wa bima ya taifa si akiba yako uliyoweka kibubu. Ni fedha inayoingia kwenye chungu cha jumla, na pensheni imepangwa kulingana na gharama za maisha ndani ya Uingereza, kwa hiyo aliye nje hawezi kujilinganisha na aliye ndani.

Hoja hiyo siyo ya kipuuzi, nakubali. Nyanya za Lushoto si bei ya nyanya za London. Hata shilingi yetu imeshuka sana tangu 2000, kwa hiyo zile paundi 67.50 zikibadilishwa leo ni noti nyingi kuliko zamani. Lakini bei za dukani nazo hazikulala, na dawa za presha hazijui kama pensheni imeganda. Halafu kama sababu ni gharama za maisha, mbona wa Ufilipino na Uturuki wanapata nyongeza? Maisha ya Manila ni ghali kuliko ya Sydney? Jibu ni mikataba tu, nani alikaa mezani na nani, mwaka gani.

Msidhani sisi hatumo kwenye historia hii. Mwaka 1968 serikali ya Mwalimu Nyerere ilikataa kuendelea kulipa pensheni za maofisa wa Kiingereza kwa utumishi wao wa enzi za ukoloni. Hoja: walimtumikia Mwingereza, Mwingereza awalipe. Ikawa ugomvi mkubwa uliogusa mpaka misaada. Baadaye Uingereza ikatunga sheria, mwaka 1973, ya kubeba yenyewe pensheni za maofisa wake wa zamani wa makoloni. Swali lilikuwa lilelile: mtu akizeeka akiwa amevuka mpaka, ni wa nani?

Hata waliodhani wamechagua vizuri walipata misukosuko. Waingereza wengi walikwenda kustaafia Hispania, hasa baada ya nchi ile kuingia Jumuiya ya Ulaya mwaka 1986. Jua, bahari, nyongeza ya pensheni kila mwaka, na matibabu ambayo Uingereza iliyalipia. Wengine wakawa wavivu wa kujiandikisha, si wapo Ulaya bwana! Kisha ikaja kura ya 2016, na tarehe 31 Desemba 2020 mlango ukafungwa. Aliyekuwa na karatasi zake sawa alibaki na haki zake. Anayeenda baada ya hapo ni mgeni kama mgeni mwingine, aombe viza na aonyeshe kipato. Tofauti kati yao ni karatasi na tarehe.

Jirani yangu naye analo faili lake nene. Kibali cha ukaazi, ambacho lazima kihuishwe. Mkataba wa pango, maana mgeni hamiliki ardhi Tanzania ila kwa ajili ya uwekezaji, sheria ya 1999 inasema hivyo. Risiti za hospitali, kwa sababu matibabu ya bure ya Uingereza ni ya wanaoishi Uingereza. Na aliniambia jambo lililonichekesha halafu likaniumiza. Akienda kwao kutembea, anaweza kudai pensheni ya kiwango cha sasa kwa wiki zile anazokuwa huko. Akirudi Lushoto, inashuka tena hadi 67.50. "Inaamka nikipanda ndege," akasema, "inalala nikitua."

Nikamuuliza kama anajuta. Akasema angejua mapema, angejipanga tofauti, lakini hakuna aliyemwambia. Alijua bei ya tiketi, alijua msimu wa mvua. Hilo la pensheni alilijua baada ya mwaka wa pili, aliposubiri nyongeza isije.

Usiku ule nikampigia mama mdogo. Ni nesi Uingereza miaka mingi, na sote katika ukoo tunajua mpango wake: akistaafu anarudi, kiwanja kipo, msingi umeshamwagwa. Nikamweleza yote. Kwamba aliyefikia umri wa pensheni kuanzia tarehe 6 Aprili 2016 yupo kwenye mfumo mpya, unaohitaji miaka 35 ya michango kupata kiwango kamili na angalau 10 kupata chochote. Kwamba mfumo huo mpya nao huganda vilevile. Kwamba akitua Tanga na pensheni yake, kiwango cha siku hiyo ndicho atakachozeeka nacho.

Kimya. Kisha akasema, "Basi nitastaafia Morisi." Tukacheka. Halafu akauliza kwa sauti nyingine kabisa, "Kwa hiyo mwanangu unanishauri nizeekee kwenye baridi?"

Sikuwa na jibu, na bado sina. Sitaki mtu aahirishe kurudi nyumbani kwa sababu ya mkataba ambao haukuwahi kusainiwa. Ninachosema ni hiki: wenye mama wadogo, kaka na dada huko ughaibuni, waambieni wapige hesabu hiyo kabla ya kufungasha, wakiwa bado na miaka ya kuweka akiba ya pembeni. Na ninyi mlio karibu na wakubwa wa mambo ya nje, ulizeni mkataba kama ule wa Morisi ulishindikana wapi kwetu.

Mwalimu ameshapeleka fomu yake posta. Ana miaka 90 na yupo hai, nimethibitisha kwa saini yangu. Pensheni yake je?