Kunogewa na Kazi

Mwaka 1975 mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi, Mhungaria aliyehamia Marekani, alichapisha kitabu kilichotokana na mazungumzo na wapanda miamba, wachezaji wa sataranji, wacheza dansi na madaktari wa upasuaji. Alitaka kujua kwa nini mtu hujitolea roho yake yote kwa shughuli, hata isipomlipa. Baadhi walimweleza kwamba kazi inapokolea huhisi wamebebwa na mkondo: saa hazihesabiki, nafsi husahaulika, mkono unajua pa kwenda. Ndipo akaiita hali hiyo “flow”.

Mwandishi wa Kiswahili akikutana na istilahi hiyo, kalamu humwenda upesi kwenye “mtiririko”. Mimi sikubaliani nalo. Mtiririko ni wa maji, wa machozi, wa matukio ya hadithi. Haumtaji mfanyakazi hata kidogo. “Kuzama” lina nguvu zaidi, ila mtu huzama hata kwenye madeni. Ninalolipigia debe ni “kunogewa”. Ngoma hunoga, mazungumzo hunoga, na mchuzi hunoga chumvi ikiwa kadiri: ikipungua ni chapwa, ikizidi haulambiki.

Kadiri ndiyo kiini cha nadharia yenyewe. Ugumu wa kazi ukiuzidi ujuzi, mtu huingiwa na wasiwasi. Ujuzi ukiuzidi ugumu, anaboeka, kama wasemavyo vijana. Nimeandika “ugumu” makusudi. “Changamoto” lingefaa, lakini maofisini na majukwaani limekuwa jina la adabu la tatizo: barabara mbovu ni changamoto, mshahara kuchelewa ni changamoto. Sijamwona aliyenogewa na mshahara uliochelewa.

Wapanda miamba kama wa Csikszentmihalyi tunao hapa Kenya, jirani na Mlima Longonot. Katika Mbuga ya Hell's Gate kuna Mnara wa Fischer, nguzo ya mwamba ya mita 25 hivi ambayo watu huipanda kwa kamba. Masharti mengine ya nadharia nayo yapo: lengo liko juu, linaonekana. Jibu huja papo hapo: kidole kimeshika au kimeteleza. Mlima Longonot wenyewe, wenye kimo cha mita 2,776, hauhitaji kamba, lakini unampa mpandaji nafasi ya kupima. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta ni kilomita 3.1. Aliyefika hoi hurudi. Mwenye pumzi huzunguka ukingo, kilomita 7.2 za vumbi la volkano na miinuko. Hakuna anayemlazimisha.

Sasa shuka Naivasha, uingie banda la kupakia maua. Mfanyakazi hupokea mawaridi, hupima urefu wa shina, hukagua kichwa na majani, kisha huyafunga mafungu kwa daraja. Kazi ina lengo wazi, kosa huonekana mara moja, na inataka jicho lililokomaa. Kwa vipimo vya nadharia, ingepaswa kumnogea. Lakini kama idadi ya mashina kwa saa hupangwa na msimamizi, na hupandishwa kila mkono unapozoea, kinachoongezeka ni kasi tu. Ujuzi haupati pa kukua. Yule wa Longonot huweza kugeuza njia. Huyu hana njia ya kugeuza, na hapo ndipo wanaoipenda nadharia hii kwa ajili ya faida hukwepa. Msimamizi anayetaka kazi inoge angemfundisha mfanyakazi huyo kutambua magonjwa ya maua, angempa zamu ya ukaguzi, angemwacha amwelekeze mgeni kazini.

Kwa hiyo, ninyi mnaoendesha semina za wafanyakazi katika mashamba ya maua ya Naivasha, tafadhali semeni “kunogewa na kazi”, kisha muwaulize wafanyakazi wenyewe ni saa zipi kazi huwanogea na ni zipi huwa chapwa. Majibu yao yaandikwe kabla idadi ya mashina haijaguswa tena.