Kuvu na Jani la Tumbaku

Mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa. Walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga za Brazil yaliyoota kuvu. Sumu yake ikaitwa aflatoksini, na baadaye ikathibitika kuwa huleta saratani ya ini. Jani la tumbaku nalo, likiwekwa ghalani na unyevu, huota kuvu. Basi wapo wanaouliza: mkosaji si kuvu badala ya tumbaku? Swali ni halali, ila tusiligeuze kichaka cha kujifichia. Moshi wa jani safi kabisa nao una kemikali ziletazo saratani. Kuvu huzuiwa kwa kukausha vizuri. Moshi, ndugu msomaji, huzuiwa kwa kuacha.