Mwiko na Mandhari: Hoja juu ya Vivutio vya Mwambao wa Malindi na Kilifi

Aghalabu msafiri afikaye mwambao wa Malindi na Kilifi hukabidhiwa orodha, ndani yake mna matumbawe ya Watamu, mikoko ya hori ya Mida, msitu wa Arabuko-Sokoke na korongo la Marafa. Naye huizunguka kwa siku tatu, akapiga picha zake, akaenda zake akidhani ameiona nchi. Hoja ya makala haya ni kwamba orodha ya namna hiyo ni pungufu, si kwa kuwa imesahau mahali, bali kwa kuwa imesahau miiko. Kwani mandhari nyingi zilizosalia katika pwani hii zimesalia kwa sababu walikuwapo watu waliokubali kujizuia nazo, na asiyeujua mwiko wa mahali hajapaona mahali penyewe.

Ushahidi wa kwanza ni kaya za Wamijikenda, yaani vijiji vyao vya kale vilivyozungukwa na misitu. Mwaka 2008 UNESCO iliingiza misitu kadha ya kaya hizo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Walakini misitu yenyewe haikungoja hati hiyo ili isimame. Wakazi wake walipokwisha kuhama na kutawanyika kulima, waliyaacha nyuma makaburi ya wahenga na fingo, yaani hirizi za kuilinda kaya, zilizofukiwa ardhini, na kwa heshima ya hayo mti haukukatwa, wala mgeni hakuingia ila kwa idhini ya wazee. Ndiyo maana leo, pembeni mwa mashamba ya mihindi na minazi, msomi wa mimea huikuta miti adimu katika vijisitu ambavyo vingine havizidi makumi machache ya hekta.

Wa pili ni Marafa, kaskazini mwa Malindi, ambako mvua imekula mchanga wa kilima hata ikabaki minara na magenge yenye rangi nyeupe, ya waridi na ya damu, ambayo jua la magharibi huyawasha yote kwa pamoja. Wageni wamepaita Jiko la Jehanamu. Wagiriama hupaita Nyari, yaani mahali palipojivunja penyewe, na husimulia habari ya watu waliotajirika kwa ng'ombe hata wakawa wanaogea maziwa, ndipo Mungu alipowadidimiza pamoja na mali yao. Hekaya hiyo si pambo, bali ni onyo dhidi ya israfu. Na aliyeambiwa habari ya jiko tu ameuona udongo, lakini maonyo hayakumfikia.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Katika visiwa vya Polinesia, ambako wasafiri wa dunia nzima hutamani kuyaona maji ya Bora Bora na vilele vya Moorea, wenyeji walikuwa na desturi iitwayo *rahui*, ya kufunga sehemu ya mwamba au ya shamba kwa muda ili viumbe vipate kuzaana, na katika baadhi ya visiwa desturi hiyo imehuishwa siku hizi. Huko Tonga, mwaka 1777, nahodha James Cook alilisikia neno *tapu*, yaani kilichoharamishwa, akalipeleka katika Kiingereza. Msomaji asidanganywe na mshabaha wa sauti: taabu yetu imetoka katika Kiarabu, na nasaba baina ya maneno hayo mawili haipo. Hata hivyo maana zake hukutana njiani, kwa kuwa kila marufuku ina taabu yake kwa mwenye njaa.

Na hapo ndipo ilipo tafauti baina ya mwiko na mwiko. Mwaka 1968 serikali ilitangaza hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zikawa za mwanzo nchini Kenya, na uvuvi ukakatazwa ndani yake. Samaki walineemeka, lakini amri ilitoka juu, na mzigo ukamwangukia mvuvi ambaye baba yake aliutegemea mwamba uo huo. Kinyume chake, wavuvi wa Kuruwitu, kusini mwa Kilifi, walipoona nyavu zinarudi tupu, walifunga wenyewe eneo la bahari lipatalo hekta 30, wakalilinda, na mwaka 2017 wakapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kadhalika, kando ya Arabuko-Sokoke, msitu wa kilomita za mraba zipatazo 420 wenye sange wa matako ya dhahabu na bundi mdogo ambaye, ghairi ya hapa, hupatikana mahali pachache tu, kama miteremko ya Usambara, mradi wa Kipepeo ulioanzishwa Gede mwaka 1993 umewafunza wanakijiji kufuga vipepeo na kuwauza ng'ambo wakiwa bado katika vifuko vyao. Basi msitu uliosimama ukawa na faida kwa jirani yake.

Atakuwapo wa kuuliza: mwiko wa kijiji utafaa nini, ikiwa mwaka 1998 joto la bahari liliua matumbawe mengi ndani ya hifadhi na nje yake, na ikiwa mto Sabaki hushusha hadi Malindi udongo mwekundu wa mashamba ya bara? Swali hilo ni la haki, lakini halivunji hoja, bali huipanua: kujizuia hakumpasi mvuvi peke yake, bali pia mkulima wa juu ya mto, na mwenye viwanda wa nchi za mbali ambaye huenda akaja kesho kupiga mbizi Watamu kwa likizo yake.

Alhasili, wanaoandika vitabu vya safari na wanaowatembeza wageni wangefanya vyema kutaja, pamoja na kila mahali, ni nani aliyejizuia hata pakasalia. Njia ya kufanya hivyo iko karibu. Katika Kaya Kinondo, kaunti ya Kwale, mgeni hufungwa kaniki nyeusi kwanza, ndipo akaingizwa msituni.